Mawingu, mvua na radi kwa darasa la nne: vifaa ni chupa na rula tu, nianzie wapi?

Mwalimu_wa_Ziwa

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Sayansi darasa la nne hapa Mwanza: watoto 72, chumba kimoja, vipindi vya dakika 40. Mada ya hali ya hewa inaanza wiki ijayo na vuli inabisha hodi, kwa hiyo nataka mvua yenyewe inisaidie kufundisha. Vilivyopo ni chupa za plastiki kwa wingi, rula, uzi, themometa mbili za spiriti na shilingi 15,000 za vitu vidogo. Friji hakuna, barafu ni ya kununua kwa wauza samaki.

Naomba msaada kwa haya. Kwanza, nianze na nini ili wasiishie kukariri "hali ya hewa ni..."? Pili, vipimamvua vya chupa: makundi manane, mvua moja, majibu manane. Kosa liko wapi? Tatu, jaribio gani la wingu huonekana kweli hata na mtoto aliyeketi nyuma? Nne, radi. Nusu ya darasa wanaziba masikio ngurumo ikianza, nusu nyingine wanamkwepa aliyevaa nyekundu, wakiamini rangi hiyo huvuta radi.

Mtazama_Anga

Mwalimu, fasili iache hadi wiki ya tatu. Wiki ya kwanza iwe ya kutazama na kuandika tu. Bandika karatasi ya manila ukutani yenye safu tano: tarehe, anga limefunikwa kiasi gani, wingu la namna gani, upepo unatoka wapi, mvua milimita ngapi. Watoto wanne kwa zamu, kila siku, saa ileile. Chagua saa 3:00 asubuhi, kwa sababu ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa vya huku kwetu husoma mvua ya saa 24 zilizopita. Siku ambayo haikunyesha waandike 0. Nafasi tupu haisemi kama mvua haikuwapo au kama mwenye zamu hakwenda kupima.

Kufunikwa kwa anga hupimwa kwa mafungu nane. Ukiwaambia watoto "kadirieni sehemu ya nane" mtabishana hadi kengele ilie. Fanya hivi: wale wanne wasimame wakipeana migongo, kila mmoja achukue robo yake ya anga. Robo isiyo na wingu ni 0, iliyofunikwa kama nusu ni 1, iliyofunikwa yote ni 2. Jumlisheni. Mkipata 5, anga limefunikwa mafungu matano kati ya nane. Kosa la kawaida hapa ni kutazama chini mno, karibu na upeo wa macho. Kule mawingu huonekana kwa ubavu, moja nyuma ya jingine, na nafasi zilizo katikati hazionekani. Mtoto ataapa kwamba kumefunga kote. Waambie wanyooshe mkono, wapandanishe ngumi tatu kuanzia upeo wa macho, na wahesabu kilicho juu ya hapo. Anayetazama mashariki asimame mahali jua limefichwa na ukuta. Jua lenyewe halitazamwi, hata nyuma ya wingu jembamba.

Majina: usianze na orodha ya aina kumi. Anza na maumbo matatu. Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, ndiye aliyeyapa mawingu majina ya Kilatini mwaka 1802, na majina yale ni maneno ya kawaida tu: sirasi ni shungi la nywele, kumulasi ni lundo, stratasi ni tandiko. Nimbasi ni mvua. Kwa hiyo mpe mtoto "nywele, lundo, tandiko" kwanza, naye atapanga anga lote kwa maneno matatu anayoyajua. Kumulonimbasi itakapokuja, atakuwa tayari kuisikia kama "lundo la mvua" badala ya kuimeza kama dawa chungu.

Kisha chagueni siku moja yenye malundo na mlichore lundo moja kila nusu saa, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, kwa kulinganisha na paa au kilima kisichohama. Wataona mambo ambayo hakuna picha itakayowaonyesha: chini ni bapa kana kwamba limekatwa kwa kisu, juu linachipuka kama koliflawa. Lile bapa ndipo hewa inayopanda inapokuwa imepoa kiasi cha mvuke kugeuka matone. Siku ambayo kichwa cha lundo kitapoteza kingo zake kali, kikawa kama kimepakwa brashi na kutanuka ubavuni mfano wa fuawe la mhunzi, kimefika kwenye barafu. Karibu na ikweta kilele cha wingu la namna hiyo huweza kuzidi kilomita 15. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 5,895. Chora Kilimanjaro ubaoni kwa sentimita 6, kisha chora wingu la sentimita 15 kando yake. Darasa litakaa kimya.

Jambo moja nalipinga: kubandika pamba kwenye karatasi ya bluu na kuiita wingu. Najua Mwanza pamba ipo tele na kazi ya mikono inapendeza, ila mtoto anabaki na picha ya kitu kinachokalika. Kama ni lazima, bandikeni baada ya jaribio la chupa, si kabla.

Fundi_Chupa

Nitajibu la kipimamvua peke yake.

Makundi yako manane yana makosa manne yaliyochanganyika. La kwanza ni kitako cha chupa. Chupa nyingi zina vikunyanzi na matuta chini, hivyo sentimita ya kwanza ya rula haina maana yoyote. La pili ni mbavu: chupa za maji zina mbavu kiunoni, upana wake unabadilika, na milimita za chini si sawa na za juu. La tatu ni mahali zilipowekwa. La nne ni saa ya kusoma. Kundi lililosoma saa 8 mchana limekwisha kupoteza maji kwa jua.

Tengenezeni hivi. Chupa ya lita 1.5, kata pale mabega yanapokwisha na ubavu ulionyooka kuanza. Hakikisha mkato umenyooka: zungushia ukanda wa karatasi, linganisha ncha zake, piga mstari kwa kalamu, ndipo ukate kwa mkasi. Kile kichwa kigeuze chini juu, bila kifuniko, kikae ndani kama faneli, na kingo zishikwe kwa gundi ya karatasi ya nailoni. Faneli inapunguza mvukizo na kuzuia matone yasiruke nje. Tia kokoto chini ili upepo usiiangushe.

Sasa acha rula. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano, ufanye hesabu hii mara moja kwa kila chupa: pima mzingo wa mdomo kwa uzi, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 12.57. Unapata eneo la mdomo kwa sentimita za mraba. Mzingo wa sentimita 27 unatoa 729 ÷ 12.57 = 58. Milimita moja ya mvua juu ya sentimita 58 za mraba ni mililita 5.8. Basi andika 5.8 kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Kila asubuhi watoto wanavuta maji yote kwa bomba, wanahesabu mililita, wanagawa kwa 5.8. Mililita 116 ni milimita 20. Mbavu, kitako na kokoto haviharibu kipimo tena kwa sababu hupimi kina, unapima maji yote. Kokoto zitabakiza maji kidogo, kwa hiyo zilowesheni na kuzimwaga kabla ya siku ya kwanza. Baada ya hapo unyevu unaobaki ni uleule kila siku. Kugawa kwa desimali darasa la nne ni kugumu, najua. Watengenezee jedwali: 5.8 ni milimita 1, 29 ni milimita 5, 58 ni milimita 10, 116 ni 20.

Mahali: kitu chochote kilicho karibu kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake. Paa la mita 4, chupa iwe mita 8 kutoka hapo. Mdomo uwe kama sentimita 30 juu ya ardhi, la sivyo tope na maji yanayoruka yataingia. Fukia nusu ya chupa kwenye ndoo ya mchanga juu ya tofali mbili. Na isimwagwe "kesho": maji yakilala humo wiki moja mnafuga mbu.

Wakishapata milimita, wapeleke kwenye paa. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la darasa la mita 8 kwa 7 ni mita 56 za mraba. Mvua ya milimita 20 inamwaga lita 1,120 juu ya vichwa vyao, yaani ndoo 56 za lita 20. Mtoto anayebeba ndoo kwenda shule anaielewa namba hiyo kuliko mwalimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wanapotangaza "mvua kubwa" wanamaanisha inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Wafanye wenyewe hesabu ya ndoo.

Bi_Kusi

Salamu kutoka Mombasa. Safu ya upepo ndiyo itakayowachanganya zaidi. Upepo huitwa kwa jina la unakotoka. Huku pwani ni rahisi kueleza: Kaskazi hutoka kaskazini, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, na Kusi hutoka kusini, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Hakuna baharia anayedhani Kusi inakwenda kusini. Wape watoto wa bara mfano huo.

Mshale wa upepo: mrija wa soda, pini, penseli yenye raba kichwani. Kata kichwa na mkia kwa boksi jepesi, mkia uwe na eneo mara tatu au nne ya kichwa. Ukivifanya sawa mshale utayumba tu, kwa sababu upepo unasukuma pande zote mbili kwa nguvu ileile. Pini haichomwi katikati ya mrija, inachomwa pale mrija unapolala sawa juu ya kidole. Huwa ni karibu zaidi na mkia. Panua tundu kidogo ili mrija uzunguke bila kukwama. Kichwa kitaelekea unakotoka upepo, na watoto watapinga vikali. Waache wanyunyize vumbi kidogo wajionee.

Nanyi wa ziwani mna somo ambalo sisi wa baharini tunalionea wivu. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko ziwa, hewa inapanda juu ya nchi, na upepo unavuma kutoka ziwani. Malundo yanajengeka nchi kavu alasiri. Usiku mambo yanageuka: pepo za kutoka nchi kavu pande zote zinakutana katikati ya ziwa, hewa haina pa kwenda ila juu, na mvua za radi zinazaliwa ziwani usiku na alfajiri. Watoto wenye ndugu wanaovua dagaa usiku wanalijua hilo bila kufundishwa.

Lipimeni kwa makopo mawili sawa, moja la mchanga mkavu, moja la maji, na zile themometa zako mbili. Yaweke juani dakika 20, kisha kivulini dakika 20, msome kila dakika 5. Tunguu ya themometa (ile ncha ya chini yenye spiriti) izame sentimita 1 tu. Ukiizamisha chini kabisa ya mchanga utapata jibu la kinyume, kwa sababu joto la mchanga linakaa juu juu. Msitumie kopo jeusi na jeupe, rangi zitawadanganya.

Mwalimu_wa_Ziwa

Asanteni sana. Hesabu ya ndoo nimeiiba tayari. Bado la wingu na la radi. Kuhusu themometa: kitabu nilicho nacho kinasema itundikwe ukuta wa kaskazini ili isipigwe na jua. Ni sawa?

Mtazama_Anga

Kitabu hicho kimeandikwa kwa ajili ya Ulaya. Kule jua la mchana huwa upande wa kusini siku zote. Mwanza ipo nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la saa sita liko kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi liko kusini. Hakuna ukuta wenye kivuli mwaka mzima. Itundike ndani ya kreti ya mbao iliyopakwa chokaa, yenye upenyo pande zote za hewa kupita, kama mita moja na robo juu ya ardhi yenye nyasi, mbali na ukuta. Ukuta wa tofali ulioota jua unarudisha joto na kukuongezea nyuzi kadhaa za uongo.

Maabara_Mfukoni

Wingu ndani ya chupa. Lile la maji ya moto na barafu liache: lina barafu, lina kioo kinachopasuka, na mtoto anaondoka akiamini wingu ni moshi wa chai.

Kwa kila kundi: chupa laini ya maji ya lita 1.5, isiyo na lebo, na kifuniko kisichovuja. Maji ya uvuguvugu vijiko 3 vya chakula. Funga, tikisa nusu dakika, maji yalowanishe kuta. Fungua. Mwalimu, wewe mwenyewe, washa njiti ya kiberiti, uizime, na moshi wake uingie chupani kwa sekunde mbili au tatu. Funga haraka. Mtoto abinye chupa kwa mikono miwili kwa nguvu, ahesabu hadi tano, aachie ghafla. Wingu hutokea anapoachia. Akibinya tena linatoweka, akiachia linarudi, mara kumi na zaidi.

Yanayoharibu: kifuniko kuvuja, kwa sababu bila mgandamizo hakuna kitu (ibinye chini ya maji uone kama inatoa mapovu). Kuachia polepole. Maji mengi mno, ambayo hubana nafasi ya hewa. Mwanga kutoka nyuma ya watoto. Kwa hilo weka chupa mbele ya ubao mweusi na umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Kwa darasa la watu 72 hilo la tochi ndilo litakalomfikia aliyeketi nyuma. Kosa baya zaidi ni moshi mwingi: chupa inakuwa nyeupe muda wote na watoto wanasema wingu ni moshi. Kipimo ni hiki: moshi haupotei ukibinya, wingu hupotea.

Andaa na chupa ya pili isiyo na moshi kabisa. Humo wingu litakataa kutokea au litakuwa hafifu mno. Hapo ndipo pa kuuliza kwa nini, na usikimbilie kujibu. Mvuke unahitaji kitu cha kushikilia ili uwe tone: vumbi, moshi, chumvi ya bahari. Angani vitu hivyo vipo tele.

Kwa nini kuachia kunapoza? Waguse ncha ya pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi: moto. Kisha wafungue vali, wahisi hewa inayotoka: baridi. Hewa ikibanwa hupata joto, ikitanuka hupoa. Hewa inayopanda angani inatanuka kwa sababu juu mgandamizo ni mdogo, basi inapoa, bila kukutana na barafu yoyote.

Fikra potofu utakayopambana nayo ni "wingu ni mvuke". Mvuke hauonekani. Birika likichemka, tazameni mdomoni: kuna nafasi ndogo isiyo na kitu, kisha ndipo weupe unaanza. Ule weupe ni matone, na wingu ni matone kama hayo. Ni madogo kiasi kwamba inachukua karibu milioni moja kutengeneza tone moja la mvua. Ndiyo maana yanaelea, na ndiyo maana mawingu mengi hayanyeshi. "Dalili ya mvua ni mawingu" ni methali nzuri ya kuipima kwa lile daftari la ukutani: katika siku 20, siku zenye mawingu zilikuwa ngapi, na zilizonyesha ngapi?

Mzazi_Arusha

Samahani kuingilia. Binti yangu ameambiwa atengeneze barometa ya puto lililofunikwa juu ya chupa ya jamu, mrija juu yake. Mrija unapanda na kushuka lakini hauelezi mvua kabisa. Tumekosea?

Mtazama_Anga

Hamjakosea. Kile ni kipimajoto kilichojificha: hewa iliyofungwa ndani inatanuka mchana na kusinyaa usiku kuliko mgandamizo wa nje unavyobadilika. Isitoshe, karibu na ikweta mgandamizo wa hewa haupandi na kushuka sana kwa ajili ya mvua kama Ulaya. Una mzunguko wake wa kila siku: juu kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Hata barometa ya kweli ingemwonyesha hilo kwanza. Mwache aandike joto la chumba kando ya kila usomaji, ataona mistari miwili ikifuatana. Hiyo ni kazi nzuri kuliko aliyoagizwa.

Kinga_Radi

Nichukue la radi. Kwanza maneno: umeme ni ule mmweko, ngurumo ni mlio, radi ndiyo inayopiga. Vyote ni tukio moja. Watoto wengi husema mawingu yamegongana. Mawingu ni matone na hewa, hayana cha kugonganisha. Kinachogongana ni barafu ndani ya wingu: punje nzito na fuwele nyepesi. Punje huondoka na chaji hasi na kukaa chini, fuwele hubeba chaji chanya kwenda juu. Tofauti ikizidi, umeme unaruka. Hewa iliyo njiani hufika nyuzi 30,000 hivi, inatanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo. Puliza mfuko wa karatasi, uupasue. Waambie mapema ili wanaoogopa wazibe masikio kwa hiari yao.

Chaji mnaweza kuionyesha kwa rula ya plastiki na vipande vya karatasi vya nusu sentimita. Vitabu husema isugue kwenye nywele. Vichwa vimenyolewa, tumia sweta ya shule. Fanyeni saa 7 au 8 mchana siku kavu, na rula ifutwe kwanza kwa kitambaa kikavu. Penye unyevu chaji inavuja kabla hujaiona.

Kupima umbali: uzi wa mita 1 wenye jiwe mwishoni. Likibembea kutoka upande mmoja hadi wa pili ni sekunde 1. Tangu mmweko hadi ngurumo hesabu mabembeo, gawa kwa 3, unapata kilomita. Mabembeo 12 ni kilomita 4. Hapa naomba usikie vizuri, mwalimu: hesabu hiyo ni ya kujifunza mwendo wa sauti ukiwa ndani. Si ya kuamua kama kuna muda wa kumalizia mpira. Radi hupiga hata kilomita 10 na zaidi kutoka mvua inakonyesha. Ukiisikia ngurumo, uko ndani ya eneo lake. Kanuni ya mtoto iwe fupi: "Nikisikia, naingia," na hatoki hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 25, saa inaanza upya.

Fanyeni zoezi lake kama la moto, mara mbili kabla ya vuli. Filimbi ikilia: kutoka uwanjani, kwenye magoli, chini ya mwembe, kando ya mlingoti wa bendera, ndani ya maji, na kwenu Mwanza, kutoka juu ya yale mawe wanakopenda kukaa. Ndani ya darasa wakae katikati, miguu pamoja, wasiegemee ukuta, wasiguse nondo za madirisha wala nyaya, wasilale sakafuni. Basi au gari lenye bodi la chuma, vioo vimefungwa, ni salama zaidi. Banda la nyasi na kibanda cha basi si kinga.

Ila usiwaambie darasa lolote ni salama. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wakiwa shuleni Kiryandongo, Uganda, na Oktoba 2018 wanafunzi 6 wakiwa shuleni Geita, jirani zenu. Jengo linahitaji kipitisha radi, na kipitisha radi kinahitaji kukaguliwa: waya ufuatwe kwa macho kutoka paani hadi unapoingia ardhini. Shaba huibwa. Waya uliokatika njiani unaileta radi hadi pale ulipokatika na kuiacha hapo. Mwalimu mkuu apewe orodha hiyo kwa maandishi.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaguswa mara moja. Kama hapumui, aanze kukandamizwa kifua wakati mwingine anaita msaada. Watu hufa kwa sababu waliosimama kando wanaogopa kumgusa.

Na nyekundu: usiwacheke, wameambiwa na bibi zao. Uliza tu, mwembe ulikuwa umevaa nini? Radi hufuata kilicho kirefu na kilichosimama peke yake. Umeme uliovuka kilomita kadhaa za hewa hausumbuliwi na rangi ya shati.

Bi_Kusi

Nyongeza moja ya maneno. Watoto watasikia "kimbunga" redioni na kudhani ni kile kisulisuli cha vumbi cha uwanjani. Kisulisuli kina upana wa hatua chache na kinaisha kwa dakika. Kimbunga cha baharini kina upana wa mamia ya kilomita na kinaishi siku kadhaa, kama Hidaya kilichofika Mafia mapema Mei 2024. Kwa upande wetu wa dunia huzunguka kama mshale wa saa. Karibu kabisa na ikweta msukumo wa mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kukianzisha, ndiyo maana Msumbiji wanavipata mara kwa mara na Mombasa karibu havifiki. Mwanza hamvipati, lakini mvua za radi mnazo za kuuza.

Na rangi za tahadhari za TMA zichoreni kwenye manila ileile: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wajue na la kufanya kwa kila moja.

Mwalimu_wa_Ziwa

Nimechapisha yote haya. Fundi_Chupa, chupa nilizokusanya leo nyingine ni nene, mzingo sentimita 31. Nizichanganye na zile za 27 au nitafute za aina moja?

Fundi_Chupa

Changanya. 31 mara 31 ni 961, gawa kwa 12.57 unapata 76.5, basi hizo ziandike 7.65. Zikipangwa mbili mbili, nene na nyembamba mita moja kutoka kwa mwenzake, mililita zitatofautiana na milimita zitakaribiana. Zikipishana zaidi ya milimita 1 kwenye mvua ya 20, kagua kwanza kama mkato wa mdomo umelala sawa. Chupa iliyoinama ndiyo mkosaji mara nyingi.

Mwalimu_wa_Ziwa

Kesho asubuhi tunakata.